Jirani Amevunja Ukuta Unaobeba Paa Langu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: watu wawili au watatu wanategemea jengo moja, mmoja wao ameanza kulibadilisha, na wenzake hawajui washike wapi. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake hana muda wa kupoteza.

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yangu hapa Chikongola, Mtwara, imeshikana na ya jirani. Ukuta wa kati ni mmoja, wa tofali za inchi sita, na mapaa yetu yote mawili yanaulalia. Wiki mbili zilizopita jirani ameanza kupandisha ghorofa. Mafundi wametoboa ukuta ule wakachomeka boriti za zege, na sasa ukuta wangu wa mbele una ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha kupanda hadi juu. Nikimweleza anasema ukuta uko ndani ya kiwanja chake na hati anayo. Polisi wameniambia hiyo ni kesi ya madai. Nianzie wapi? *(Mama wa watoto watatu, Chikongola)*

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Anzia Manispaa, na uende kesho asubuhi, kabla ya Baraza la Ardhi na kabla ya wakili.

Kwanza tuiondoe hoja ya hati, maana ndiyo inayowanyamazisha wengi. Tanzania haina sheria moja mahususi ya kuta za pamoja. Migogoro hii inaamuliwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kanuni za madai ya uzembe na kero tulizopokea kutoka Uingereza, ambazo mahakama zetu bado zinazitumia. Ukizisoma zote pamoja, swali la "ukuta ni wa nani" si mwisho wa shauri. Hata mpima akija akakuta ukuta wote uko upande wake, jirani bado ana wajibu wa kujenga kwa uangalifu ili kazi yake isiangushe nyumba ambayo anajua fika kwamba imeuegemea ukuta huo. Hati inampa kiwanja. Haimpi ruhusa ya kukuvunjia nyumba.

Na hatari ni ya kweli. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini ulikadiriwa kubeba ukuta na bati tu. Ukiuwekea slabu ya zege, kuta za ghorofa na paa jipya, unazama, na unazama zaidi pale mzigo ulipo. Upande wako haukuongezewa kitu, hivyo haushuki pamoja nao. Matokeo yake ni ufa wa mshazari kama huo wa kwako, unaoanzia kona ya dirisha kwa sababu hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu. Tofali za inchi sita zikitobolewa matundu ya boriti bila kuwekewa mkanda wa zege chini ya boriti, mzigo wote unakaa juu ya tofali mbili tatu, nazo zinasagika.

Leo usiku, kabla hujalala, chukua penseli na rula. Weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe pembeni. Pima upana wake sehemu tatu kwa milimita. Kisha paka jasi kidogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, kukatiza ufa, na uandike tarehe juu yake. Jasi ikipasuka baada ya siku chache, ukuta bado unatembea. Ufa usiozidi milimita moja mara nyingi ni wa plasta. Ukivuka milimita 5 unahitaji mhandisi haraka, na ukifika 15, au mlango ukaanza kukwama kwenye fremu yake, watoto wasilale chumba hicho. Piga picha ukiwa umeshikilia rula kando ya ufa, kila siku kutoka mahali palepale. Usizifute kwenye simu hata ukishazichapisha: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini utaulizwa picha zilipigwa na kifaa gani na zimehifadhiwaje.

Kesho andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, nakala kwa ofisi ya mipango miji, mhandisi wa Manispaa, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Ukurasa mmoja unatosha. Taja namba ya kiwanja na kitalu, na kama eneo halijapimwa, taja majirani wa pande zote nne. Eleza kazi ilianza lini, kinachofanyika ukutani na madhara uliyoyapima. Omba mambo mawili: waje kukagua, na wasimamishe ujenzi mpaka ukaguzi ukamilike. Uliza pia kama kibali cha ujenzi wa ghorofa kimetolewa, maana kibali cha nyumba ya chini hakifuniki ghorofa. Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na mhuri ni sawa na maneno ya barazani.

Sababu ya kuanzia huko ni hii. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha tu, na limepewa siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa maslahi kwenye ardhi bila cheti cha Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zipite bila suluhu. Hapo unaruhusiwa kwenda bila cheti. Fundi hangoji siku 30. Kwa siku 30 slabu inamwagwa na kukauka. Notisi ya Manispaa ya kusimamisha ujenzi haihitaji cheti cha mtu, na ile X nyekundu ukutani huwatoa mafundi saitini siku hiyohiyo.

Siku hiyo ya barua, fungua pia lalamiko Baraza la Kata ili siku zianze kuhesabika. Huko mawakili hawaruhusiwi kukuwakilisha, wewe na yeye mtazungumza wenyewe. Kama mkipatana, kila kitu kiandikwe: nani anarekebisha nini, kwa kiwango gani, hadi tarehe gani. Na ikitokea wajumbe wakakupa karatasi iliyoandikwa "hukumu", usiitegemee. Omba cheti.

Ukifika Baraza la Wilaya, fungua vitu viwili kwa pamoja: shauri lenyewe, na maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha kazi wakati shauri likiendelea, yenye kiapo na hati ya dharura. Zuio halitolewi kwa huruma. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969, Atilio dhidi ya Mbowe, mwombaji anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na wewe utaumia zaidi zuio likikataliwa kuliko yeye atakavyoumia likitolewa. Vipimo vyako vya ufa ndivyo vitakavyozungumza hapo. Zuio likitolewa lina ukomo: miezi sita, na hata likiongezwa lisizidi mwaka kwa jumla. Fuatilia tarehe hiyo mwenyewe.

Tafuta ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi mwashi anaweza kuujua ukuta wako vizuri kuliko mtu yeyote, lakini mbele ya Baraza neno lake halilingani na la mtaalamu aliyesajiliwa. Mwambie mhandisi ajibu maswali manne kwa maandishi: chanzo cha ufa ni nini, unahusianaje na kazi ya jirani, hatari ni ya kiwango gani, na kurekebisha kutagharimu shilingi ngapi. Ripoti nyingi zinaanguka kwenye swali la pili: zinaeleza ufa kwa milimita na picha, halafu haziungi ufa na boriti. Omba pia Baraza litembelee eneo. Maneno elfu ya kiapo hayafiki ukuta unaoonekana kwa macho.

Katika shauri, omba zuio la kudumu, amri ya kurudisha ukuta kwenye uimara wake chini ya usimamizi wa mhandisi, gharama za kurekebisha upande wako, na fidia. Madai ya fidia ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Yale ya kurudisha ardhi yenyewe ni miaka 12. Usiporidhika na uamuzi, una siku 45 kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapo Mtwara.

Neno la mwisho kwako, dada: usiwatume vijana wakang'oe boriti zake usiku. Utageuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa wa kuharibu mali, na boriti ikitoka vibaya paa lako ndilo litakalotangulia.

SWALI: Shikamooni. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Mikindani, ni ya mawe na chokaa, dari lake ni la boriti za mikoko. Warithi tumebaki watatu. Kaka yetu mkubwa anakaa vyumba vya mbele. Amevunja ukuta wa kati akafungua fremu mbili za duka, na kodi anachukua yeye. Hatukuulizwa. Sasa dari la vyumba vya nyuma limelegea. Anasema yeye ndiye mkubwa wa familia. Msimamizi wa mirathi ni mjomba, aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo miaka mingi iliyopita lakini nyumba bado iko kwa jina la babu. *(Wajukuu wawili, Mikindani)*

JIBU: Marahaba, wajukuu. Ukubwa wa kuzaliwa unampa kaka yenu heshima mezani, haumpi mamlaka juu ya jengo. Maadamu nyumba ingali kwa jina la marehemu, mwenye mamlaka ni msimamizi, naye anayashika kwa niaba ya warithi wote. Alitakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, ile Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu ya ugawaji kwenye Fomu Namba 6. Kwa hiyo msiende Baraza la Ardhi kwanza, mara nyingi mtarudishwa mkamalize mirathi. Nendeni Mahakama ya Mwanzo ileile iliyomteua mjomba, na namba ya shauri la mirathi mkononi. Ombeni aitwe aeleze alipofikia, azuie ujenzi, akusanye kodi ya fremu na kuitolea hesabu, maana kodi hiyo ni mali ya mirathi. Asipotaka au asipoweza, ombeni uteuzi wake utenguliwe awekwe mwingine.

Mkishahamishiwa umiliki, andikisheni kwa hisa. Hapa watu wengi hukosea: hisa ya theluthi haina maana ya chumba fulani. Ni theluthi ya kila tofali, pamoja na ukuta uliovunjwa. Chini ya Sheria ya Ardhi, mwenye hisa hawezi kuihamishia mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi. Mkishindwana kabisa, yeyote anaweza kuomba mgawanyo. Kwa nyumba ya mawe kugawanya kwa ukuta ni kazi ngumu, hivyo mara nyingi njia inayowezekana ni mmoja kuwanunua wenzake.

Lakini dari haliwezi kungoja mahakama. Angalieni nyumba zenu za zamani: vyumba ni virefu na vyembamba, upana hauzidi sana mita 2.5 hadi 3. Wajenzi hawakuuchagua wembamba huo kwa kupenda. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo ikibeba sakafu nzito ya mawe na chokaa, hivyo ukuta wa kati katika nyumba hizi karibu siku zote ndio unaobeba. Hakuna "ukuta wa kugawa vyumba tu". Wekeni mhimili wa mbao ngumu chini ya boriti, ukatize boriti zote pale ukuta ulipokuwa, na chini yake nguzo kila mita moja, zikikanyaga ubao mpana na si sakafu tupu. Fanyeni hivyo wiki hii, na msikae chini ya dari hilo kabla nguzo hazijasimama.

Pia mtu asiwashauri kuujenga upya kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu wa chumvi unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya masika kadhaa uso wa ukuta unamomonyoka. Tumieni chokaa na mchanga usio wa baharini.

Kuna sheria nyingine inayoweza kuwagusa. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa kwa umri wake tu, na haliguswi bila ruhusa. Kama babu aliikuta nyumba hiyo imeshazeeka, iulizeni Idara ya Mambo ya Kale kwa maandishi. Jibu lao linaweza kusimamisha fremu upesi kuliko shauri lolote.

SWALI: Ni mpangaji hapa Lindi mjini, vyumba viwili. Mwenye nyumba amempa mpangaji mpya ruhusa ya kuziba korido ya pamoja aifanye stoo. Sasa kwenda chooni napita nje, na bomba la maji taka likiziba hakuna wa kulizibua. Mkataba wangu hausemi lolote kuhusu korido. *(Mpangaji, Lindi)*

JIBU: Mkataba ukinyamaza, sheria inasema. Unapopanga sehemu tu ya jengo, Sheria ya Ardhi inamtwisha mwenye nyumba wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja, hata kama hayo hayakuandikwa. Pia haruhusiwi kutumia, au kuacha itumike, sehemu yake ya jirani kwa namna inayofanya chumba chako kisifae kwa makazi uliyopangia. Mwandikie barua ukimpa siku 14 kufungua korido na kuzibua bomba, utunze nakala yenye sahihi yake au ya shahidi. Akikaa kimya, nenda Kata kisha Baraza la Wilaya. Usiache kulipa kodi kwa hasira. Hapo utampa sababu ya kukutoa kabla shauri lako halijasikilizwa.

SWALI: Jirani yangu ameongeza bati lake kwa mita moja na maji yote ya mvua yanamwagikia ukuta wangu. Anasema mvua ni ya Mungu. *(Mzee wa Mikumbi, Lindi)*

JIBU: Mzee wetu, mvua ni ya Mungu, mfereji ni wa jirani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili ya maji. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 3,000, na zote zinachimba mguu wa ukuta wako. Hiyo ni kero kisheria, na kila mvua inayomwagika ni kosa jipya, hivyo ukomo wa miaka mitatu unahesabiwa upya. Mpe nafasi ya kuweka gata na bomba la kushusha maji upande wake. Kama bati limevuka mpaka angani, lazima alikate, kwa sababu gata haliondoi uvamizi. Akikataa, fuata njia ile ya Chikongola: barua yenye mhuri, Kata, kisha Wilaya.

SWALI: Mimi ndiye ninayetaka kubadilisha. Nyumba yangu Ligula imeshikana na ya mama mmoja mjane. Nataka kutoa sehemu ya ukuta wa kati upande wangu nipate sebule kubwa. Sitaki ugomvi naye. Nifanyeje? *(Msomaji, Ligula)*

JIBU: Umefanya vizuri kuuliza kabla ya nyundo. Na tukuambie wazi: kama ukuta huo unabeba mapaa yote mawili, "sehemu ya upande wangu" haipo. Ukuta wa inchi sita haukatwi ukabaki inchi tatu.

Anza kwa mhandisi aliyesajiliwa aje aangalie mapaa yote mawili, siyo lako tu. Akikubali uwazi ufunguliwe, atachora boriti ya zege au ya chuma na nguzo zake, na michoro hiyo ndiyo utakayoombea kibali Manispaa. Kupaka rangi au kubadilisha kitasa hakuna anayekuuliza. Kugusa ukuta unaobeba ni jambo la kibali.

Kisha nenda kwa mama huyo na michoro, ukiwa na mtu anayemwamini. Usimletee karatasi ya kusaini mlangoni. Mwachie siku kadhaa aonyeshe watoto wake, na ulipie wewe mhandisi wa kumsomea kama anataka. Mkikubaliana, andikeni makubaliano yenye michoro kama kiambatisho, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi, na ahadi yako ya kurekebisha nyufa zitakazotokea ndani ya miezi 12. Kwa kuwa makubaliano yanagusa nyumba, wakili ayashuhudie, na kila mmoja abaki na nakala halisi.

Siku moja kabla ya kazi, pitieni nyumba yake chumba kwa chumba, wewe, yeye na shahidi. Kila ufa ulioko upigwe picha na kuandikwa, nyote msaini. Karatasi hiyo inawalinda ninyi wote wawili: ufa wa zamani hautakuwa wako, na mpya hautakanwa.

Kwenye kazi yenyewe, jeki na nguzo zisimame pande zote mbili za ukuta, na hiyo ina maana mafundi wataingia kwake, kwa hiyo ruhusa hiyo nayo iandikwe. Ukuta unatolewa kuanzia juu kushuka, tofali kwa tofali. Nyundo kubwa isitumike. Mchanga wa pwani usiingie kwenye zege la boriti: chumvi inakula nondo, kutu inavimba, na baada ya miaka zege linapasuka na kudondoka. Nguzo za muda zisiguswe mpaka mhandisi aseme, na kwa zege la kawaida hesabu siku 28 kabla ya kuziondoa zote. Fundi atakayekwambia siku saba zinatosha, mwombe aandike hivyo na asaini mbele ya yule mama.